Salio

Duluth, mwezi wa Machi. Theluji inanichuruzika
kutoka kwenye buti hadi kwenye zulia la mpira,
nami nimesimama mbele ya ukuta wa kadi.
Kadi za michezo ya kompyuta. Kadi za viatu.
Kadi ya duka la ndoana na chambo,
ambayo marehemu Wendell angeichukua bila kuuliza bei.
Mimi natafuta ya chakula.

Za chakula ni nne, chini kabisa,
pale ambapo sharti upige goti ndipo uzione.
Moja ina tufaha, moja ina kulungu,
moja imeandikwa *Hongera*, kana kwamba kula ni ushindi,
ya nne haina picha, ina jina tu.
Kijana wa dukani anasema hiyo ya kulungu
haifanyi kazi nje ya jimbo letu na la jirani.
Tucson iko mbali nayo.
Tucson iko mbali na kila kitu ninachokijua.

Ningemuuliza Eliel mwenyewe, lakini namfahamu.
Ukimuuliza kama ana njaa,
atakuuliza kama umelipa bili ya gesi.
Marit, mama yake, dada yangu, alikuwa hivyo hivyo:
yuko kitandani anakata roho,
anatuuliza kama tumekula.

Nikatoka hadi garini, nikampigia kwa hila.
Nikasema, hebu nieleze unachokiona dirishani,
huku kwetu ni weupe mtupu, macho yamechoka.
Akacheka. Mlima, akasema, rangi ya kutu.
Dungusi lililotobolewa risasi na mtu asiye na kazi.
Maegesho ya magari. Ng'ambo ya barabara, duka la taa nyekundu,
ambalo saa tatu usiku hutoa mikate iliyolala
na kuiweka nyuma, kwenye pipa la buluu.
"Saa tatu na dakika kumi," akajisahihisha.
"Jumapili huwahi kidogo."

Hakuna ajuaye ratiba ya basi asilolipanda.
Nimeendesha basi la shule miaka ishirini na sita;
nawajua watoto wanaowahi kituoni gizani
kwa sababu shuleni kuna chai ya bure.

Sikusema neno. Nikauliza tu jina la duka.
Nikadai kuna mama kanisani ana binti huko.
Hakuna mama, hakuna binti.

Ile isiyo na picha. Ndiyo yenyewe.
Nilikuwa nimepanga dola ishirini na tano,
nikaweka mia.
Gesi itasubiri. Ninalo blanketi la Wendell,
lina joto kuliko alivyokuwa yeye.

Juu ya karatasi nikaandika *Ununue matunda*, nikakata.
*Usinunue bia*, nikakata.
Anunue na bia.
Mwishowe: *Hii nilipewa bure, huku haifanyi kazi.*
Mkono mtupu haulambwi, ni kweli,
lakini hata uliojaa
wakati mwingine huna budi kuuficha mgongoni.

Kabla sijafunga bahasha nilinakili tarakimu zote kumi na sita
nyuma ya bili.
Sasa kila jioni napiga namba ya bure
na mwanamke wa mashine, asiyevuta pumzi, ananiambia:
Salio lako ni dola themanini na moja.
Salio lako ni dola sitini na nne na senti tano.
Jumamosi zilikwenda kumi na tisa kwa mkupuo!
Labda alikaribisha mtu. Labda kuku mzima.
Maisha yangu yote sijafurahi hivi
kuona pesa zikiyeyuka.

Leo ni siku ya tisa
mwanamke yule anarudia jambo moja.
Kumi na moja na senti arobaini.
Kumi na moja na senti arobaini.
Anabana. Anaweka akiba, mtoto wa Marit,
na saa yangu ya ukutani inasema saa tano na dakika kumi,
yaani kwake ni saa tatu,
saa tatu na dakika kumi.

Duka letu hufungwa saa sita.
Buti nimeziweka wapi.